Siri ya Chupa

Mwaka 1857 Richard Burton na mwenzake John Speke walilala wagonjwa huko Duthumi, katika nchi ya Ukutu, chini ya milima ya Uluguru. Homa iliwashika hata safari yao ikasimama kwa siku nyingi. Burton alikuwa na imani kubwa na dawa moja ya chupa iliyoitwa matone ya Warburg, akaisifu katika maandishi yake. Dawa hiyo ilibuniwa na Carl Warburg mwaka 1834, na kwa miaka 40 na zaidi ilinywewa Uhindi, Afrika na Ulaya bila ya wanywaji kujua kilichokuwa ndani yake. Siri ilipotolewa mwaka 1875, ikaonekana kwamba chupani mlikuwa na kwinini, na pamoja nayo shubiri, kafuri, zafarani na vikorombwezo vingine. Iliyoondoa homa ni kwinini. Vingine vyote vilikuwa wapambe wa bwana harusi.

Basi na aulizwe msomi wa leo, yule ambaye kila asikiapo habari ya majani ya nyumbani hukunja uso na kutamka neno ushirikina: kati ya bibi wa Kiluguru aliyechuma jani alijualo kwa jina, kwa harufu na kwa mahali liotapo, na mgeni aliyemeza asichokijua kwa kuwa kimefungwa ndani ya kioo, ni nani aliyekuwa mshirikina?

Wapo wanaodhani kwamba Uingereza ya Malkia Victoria ilikuwa nchi ya maabara na mizani, na kwamba uzushi wa dawa ulikaa Afrika peke yake. Historia haiwaungi mkono. Thomas Holloway alianza kuuza marhamu yake mwaka 1837, kisha akaongeza vidonge. Matangazo yake yakaenea katika magazeti ya dunia, yakiahidi kuponya takriban kila maradhi yenye jina. Akatajirika kupita kiasi, na chuo cha wanawake alichokijenga kwa fedha hizo karibu na London kilifunguliwa na Malkia mwenyewe mwaka 1886. Thomas Beecham naye aliuza vidonge kwa shilingi moja na peni moja na nusu kisanduku. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilitoa kitabu cha uchunguzi wa dawa za siri, na humo vidonge vya Beecham vikaonekana kuwa ni shubiri, tangawizi na sabuni. Thamani ya vitu hivyo katika kisanduku kizima ilikuwa sehemu ya nane ya peni. Mnunuzi alilipa mara 108.

Shubiri, tangawizi na sabuni! Hakuna duka la viungo katika pwani yetu lisilo na viwili vya kwanza, wala nyumba isiyo na cha tatu. Ajabu ya Beecham haikuwa dawa, bali kisanduku.

Hayo yalikuwa madogo. Makubwa ni dawa za kuwatuliza watoto wachanga, zilizotiwa afyuni, ambazo mama waliokwenda viwandani waliwanywesha watoto wao wapate kulala. Na wako waliolala wasiamke. Sheria ya mwaka 1868 iliyobana uuzaji wa sumu iliziacha dawa hizo nje. Tena tangu mwaka 1783 serikali ilizitoza kodi na kuzibandika stempu yake, na wanunuzi wengi wakaiona stempu hiyo kuwa ni ushahidi wa serikali kwamba dawa ni njema. Hata jina zilizoitwa, dawa za hataza, lilikuwa la uongo kwa sehemu kubwa. Maana mwombaji wa hataza hulazimika kukieleza kitu chake hadharani, na hao walikimbia kueleza kuliko walivyokimbia kodi. Ilipofika mwaka 1941 ndipo sheria ilipowalazimisha kuandika kilichomo. Kutoka stempu hadi ukweli ilipita miaka 158.

Kinyume cha hayo kilipita papa hapa. Mwaka 1871 Stanley alifika Simbamwene, mji wa ukuta ulioasisiwa na Kisabengo mahali ilipo Morogoro, akashikwa na homa aliyoiandika kwa neno la wenyeji, mkunguru. Alikunywa dawa ya kuendesha tumbo usiku, na asubuhi yake kwinini yapata gramu moja, akiigawa mara tatu. Haidhuru mtu anamwonaje Stanley, na ziko sababu nyingi za kutompenda. Dawa hiyo ilikuwa na jina na kipimo, na yeyote aliyetaka aliweza kuijaribu akasema imefaa au haikufaa. Siri huiondolea dawa sifa hiyo kwanza kabla ya nyingine zote.

Sasa turudi sokoni. Katika miji yetu, Morogoro ikiwamo, kipaza sauti hutangaza chupa ya dawa iponyayo kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, utasa na upungufu wa nguvu za kiume. Akiulizwa kilichomo, muuzaji hujibu kuwa ni mitishamba na ni siri ya mababu. Akibanwa zaidi, huonyesha karatasi ya leseni ya biashara, kama stempu ya mwaka 1783. Na watetezi wake, ambao baadhi yao wana shahada, husema kwamba kumhoji ni kuudharau utamaduni wa Mwafrika.

Utamaduni upi? Dawa za nyumbani za Uluguru hazikuwa hivyo. Majani ya mpera kwa tumbo la kuhara, mchaichai na tangawizi kwa mafua, nyungu ya kujifukiza, kivumbasi cha kufukuzia mbu: mambo hayo hayana mwenyewe. Kila dawa ilikuwa na kazi yake moja au mbili, wala bibi hakudai kuponya utasa kwa majani ya mafua. Ni kweli kwamba waganga walikuwa na siri zao, na mkoba wa mganga haukufunguliwa kwa kila mtu. Lakini mganga alikaa kijijini, akijulikana ukoo wake, na mgonjwa akifa alikuwa na watu wa kukabiliana nao. Muuzaji wa chupa huondoka na basi la jioni. Babu yake halisi si Mluguru, ni Holloway.

Lugha yetu nayo imemsaidia bila kukusudia. Neno dawa ni pana mno: iko dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya na dawa ya mapenzi. Neno linalobeba mzigo mkubwa hivyo halimlindi mnunuzi. Ndiyo sababu kibandiko chenye neno dawa peke yake hakijasema kitu, mpaka mti utajwe.

Mtu aweza kuleta hoja ya Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Pale kikombe kiliuzwa kwa shilingi 500 na mti ukatajwa waziwazi, mugariga. Hata hivyo wako wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini wamepona. Hoja ina nguvu. Uwazi hautoshi kuponya. Lakini kwa sababu mti ulitajwa, wataalamu waliweza kuuchunguza, na walimwengu wakapata kubishana juu ya kitu badala ya kubishana juu ya jina. Pakanga la Kichina lilipita njia hiyo hiyo: Tu Youyou alilisoma katika kitabu cha kale, akalipima, na ndilo lililozaa dawa mseto inywewayo leo kwa malaria katika zahanati za Mgeta na Matombo. Lingebaki siri ya ukoo mmoja lisingefika huko.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na Muhimbili iko taasisi nzima ya kuchunguza dawa za miti. Kinachodaiwa hapa ni kidogo: chupa iandikwe kwa Kiswahili mti gani, sehemu gani ya mti, kiasi gani, na kwa ugonjwa gani mmoja. Mwenye homa ateremkaye mlimani na mtoto mgongoni hupita kwanza penye kipaza sauti, kisha, fedha ikiwa imebaki, penye zahanati. Siku mbili zilizopotea kwa chupa huweza kuwa ndizo mtoto alizokuwa nazo.

Watetezi watasema tena kwamba siri ni ya mababu. Mababu hao walipanda kivumbasi uani, karibu na mlango wa jiko, na jirani alipokuja kuomba walimkatia tawi.