Pierre Caliste Landry na Neno "Isipokuwa"

Somo la uraia hufundishwa mara nyingi kana kwamba historia ya haki ni orodha ya matangazo makubwa: mwaka huu watumwa waliachwa huru, mwaka ule wakapewa kura, na mambo yakaisha. Mwanafunzi hukariri tarehe, hufaulu mtihani, kisha huamini kwamba haki ikishaandikwa imekwisha kupatikana. Mimi naona kwamba hatima ya raia huamuliwa zaidi na vifungu vya chini vya sheria, hasa vile vinavyobeba neno "isipokuwa", na pia na viongozi wadogo wanaovitekeleza. Shahidi wangu ni Pierre Caliste Landry, wakili aliyekuwa meya wa Donaldsonville, mji mdogo ulio kando ya mto Mississippi katika jimbo la Louisiana, Marekani.

Landry alizaliwa mwaka 1841 katika shamba la miwa, naye akaitwa Caliste. Mama yake, Marcelite, alikuwa mtumwa. Baba yake alikuwa Mzungu. Kwa kuwa sheria ya utumwa ilimfanya mtoto afuate hali ya mama, Caliste alizaliwa mtumwa. Bwana wake alikusudia kwamba akifa, kijana huyo aachwe huru. Bwana akafa, na nia yake haikutimizwa. Mwaka 1854, akiwa na umri wa miaka 13, Caliste aliuzwa kwa dola 1,665 kwa tajiri mwingine wa mashamba ya miwa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Lakini deni huhitaji mdai, na mtoto ambaye sheria ilimhesabu kuwa mali hakuwa na wa kumdaia.

Uhuru ukamkaribia mara ya pili, na mara ya pili ukampita. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln alitoa Tangazo la Ukombozi, ambalo vitabu vyetu vya historia hulitaja kwa fahari. Wachache huendelea kulisoma hadi mahali linapozitaja wilaya za Louisiana, ambazo huko huitwa parokia. Tangazo linawaweka huru watumwa wa Louisiana, isipokuwa wale wa parokia 13 zilizotajwa kwa majina. Mojawapo ya hizo ni Ascension, parokia ya Donaldsonville. Sababu yake ilikuwa ya kisheria na ya kivita: Lincoln alitumia mamlaka yake ya amiri jeshi dhidi ya maeneo yaliyokuwa katika uasi, na parokia hizo zilikuwa zimekwisha kutekwa na majeshi ya serikali yake. Basi dunia ikasherehekea, na watu wa Ascension wakabaki watumwa mbele ya sheria. Utumwa ulifutwa kwao kwa katiba ya jimbo ya mwaka 1864, na mwaka uliofuata marekebisho ya 13 ya katiba ya Marekani yakaukomesha nchini kote.

Mwaka 1866 Landry alihamia Donaldsonville, akajenga nyumba na kufungua duka. Mwaka 1867 Bunge la Marekani lilipitisha sheria za kuyajenga upya majimbo yaliyoasi, na wanaume Weusi wa Louisiana wakaandikishwa kupiga kura. Mwaka 1868 mtu huyu, aliyewahi kunadiwa kama mfugo, akachaguliwa kuwa meya. Mara nyingi hutajwa kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kushika umeya katika nchi hiyo.

Umeya huo ulidumu mwaka mmoja tu. Kwa mtu anayepima uongozi kwa ukubwa wa kiti, huo ni mwaka usiostahili kukumbukwa. Lakini tazama nyadhifa alizozishika Landry kwa nyakati mbalimbali katika maisha yake: hakimu wa mahakama ya chini, mkusanya kodi, msimamizi wa shule, mkuu wa posta. Aliyewahi kuwa mali alizijua ofisi hizi kwa upande wa pili wa meza. Hakimu wa chini ndiye anayeamua kama malalamiko ya kibarua juu ya ujira wake yatasikilizwa. Mkusanya kodi anajua nani anatozwa na nani anasamehewa. Msimamizi wa shule huona kama darasa lina mwalimu. Rais wa nchi huenda asikanyage mlangoni pako maisha yako yote, ilhali hawa utakutana nao kabla mwaka haujakwisha.

Mwaka 1872 Landry alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Louisiana, kisha akahamia Seneti ya jimbo. Akiwa katika Baraza la Wawakilishi aliandaa mswada uliowezesha kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha New Orleans, kilichopata hati yake mwaka 1873 kwa ajili ya elimu ya Weusi. Karatasi za wengine zilikuwa zimeamua maisha yake mara mbili. Safari hii aliyeshika kalamu alikuwa yeye.

Mwaka 1898 ilikuja karatasi nyingine. Mwaka 1896 wanaume Weusi walioandikishwa kupiga kura Louisiana walikuwa zaidi ya 130,000. Marekebisho ya 15 ya katiba ya nchi yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, kwa hiyo waandishi wa katiba mpya ya jimbo hawakuitaja rangi. Waliandika kwamba mpiga kura sharti ajue kusoma na kuandika, au awe na mali yenye thamani ya dola 300. Isipokuwa yule ambaye yeye mwenyewe, baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867. Tarehe hiyo haikuokotwa njiani. Sheria iliyowapa Weusi kura katika jimbo hilo ilipitishwa Machi 1867, miezi miwili baadaye. Hivyo Mzungu asiyejua kusoma aliingia kwa mlango wa babu yake, na mjukuu wa mtumwa akafungiwa nje kwa sababu babu yake alikuwa mtumwa. Kufikia mwaka 1900 wapiga kura Weusi walioandikishwa walibaki takriban 5,000.

Wapo waliokuwa na jibu jingine kwa dhuluma ya namna hii. Mwaka 1895, mjini Atlanta, Booker T. Washington aliwashauri Weusi waweke mbele kazi za mikono na uchumi kuliko kudai madaraka ya kisiasa. Nasaha hiyo bado ina wafuasi wengi leo: "Tusomeshe watoto, siasa tuwaachie wenyewe." Siudharau moyo wake, maana mimi ni mwalimu. Hata hivyo maisha ya Landry yanaupinga. Chuo alichokipigania kilihitaji sheria, sheria ikahitaji mbunge, na mbunge akahitaji kura. Anayewaachia wengine siasa huwaachia pia kuamua kama shule itakuwepo.

Landry, ambaye pia alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, aliiongoza Gilbert Academy kama mkuu wa masomo kuanzia mwaka 1900 hadi 1905. Alifariki mwaka 1921. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imevibatilisha vifungu vya babu mwaka 1915, lakini vizuizi vingine vilibaki, na sheria yenye meno ya kulinda kura za Weusi ilipatikana mwaka 1965, miaka 67 baada ya katiba ile.

Ndugu msomaji, sheria mpya inapotangazwa, iwe ya kodi, ya ardhi au ya uchaguzi, usiishie kwenye jina lake wala kwenye hotuba ya anayeisifu. Uliza mambo matatu. Nani ameachwa nje na neno "isipokuwa"? Kwa nini imechaguliwa tarehe hii na si nyingine? Na ni nani, katika ofisi gani ya karibu nawe, atakayeitekeleza? Jibu la swali la tatu likikupa jina, lijue jina hilo, na siku ya kumchagua au kumwajibisha ikifika usikae nyumbani.

Kura za watu wa Ascension ziliporwa kwa miongo mingi, lakini sheria moja waliyoipata wakiwa nazo iliendelea kuzaa matunda. Chuo cha mswada wa Landry kiliungana na kingine katika miaka ya 1930 kikawa Chuo Kikuu cha Dillard, na hadi leo wanafunzi wanasoma humo.