Tamko la Walimu Wastaafu wa Tetu kwa Kumbukumbu ya Profesa Wangari Maathai, Msimulizi

Sisi walimu wastaafu wa Tetu, tuliokutana Ihururu kumkumbuka Profesa Wangari Muta Maathai aliyetutoka tarehe 25 Septemba 2011, tunatoa tamko hili kwa wazazi, kwa walimu walio darasani, kwa walimu wakuu na kwa viongozi wa Kaunti ya Nyeri.

Akitajwa Wangari, watu hushika jembe na mche. Ni vyema, wala hatuna neno la kupinga. Ila lipo jambo la maisha yake ambalo tumeliacha lipite, nasi tuliozeekea kwenye chaki tumeona ni wajibu wetu kulisema: Wangari alilelewa na hadithi, akafundisha kwa hadithi, na hadithi ndiyo iliyowafanya kina mama wasiojua kusoma wamwelewe msomi aliyerudi na shahada kutoka ng'ambo.

Alizaliwa Ihithe, hapa hapa Tetu, tarehe 1 Aprili 1940. Baba yake alifanya kazi kwenye shamba la mlowezi kule Bonde la Ufa, na mwaka 1947 mama yake aliwarejesha watoto Ihithe. Nduguye Nderitu ndiye aliyemuuliza mama kwa nini Wangari haendi shule kama wavulana. Swali dogo la mtoto, na mama akalijibu kwa kumpeleka Shule ya Msingi ya Ihithe. Hata hivyo, binti huyo alikuwa amekwisha kuanza masomo mahali pengine, kwenye mafiga matatu ya jikoni, usiku, kazi za mchana zikiisha.

Wengi wetu tunalijua jiko hilo. Githeri kinachemka taratibu, moshi unakula macho, usingizi unawanyemelea wadogo. Cucu, yaani bibi, anasema, "Ugai itha!" Nasi tunaitika, "Itha!" Hapo usingizi hukimbia, kwa maana irimu amekwisha kuingia: lile zimwi linalokuja ngomani katika sura ya kijana mtanashati, nywele ndefu zikiuficha mdomo wa pili ulioko kisogoni. Msichana asiyetazama vizuri anaolewa naye. Hatukuambiwa maana yake nini. Tuliachwa tulale nayo, na kila mmoja wetu aliielewa siku yake ilipofika. Katika kitabu chake *Unbowed* cha mwaka 2006, Wangari anaisimulia hadithi ya namna hiyo, ya Konyeki na baba yake, na anakiri kwamba ngano za jikoni zilimgusa kuliko zile za Cinderella alizokuja kuzisoma vitabuni.

Tunaomba mtuvumilie hapa kidogo, maana hapa ndipo penye kiini cha tamko letu. Tarehe 10 Desemba 2004 alisimama Oslo kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mbele yake walikuwa watu wa jamaa ya kifalme na mabalozi. Alizungumza juu ya demokrasia, amani na mazingira, mambo ambayo ukumbi ule ulitarajia kuyasikia. Kisha, alipofika mwisho, akarudi Ihithe. Akawasimulia wakubwa wale habari ya mtoto aliyetumwa na mama yake kuteka maji kijitoni, akayanywa papo hapo, akacheza katikati ya majani ya nduma, akaona mayai ya vyura yamejipanga akadhani ni shanga. Alijaribu kuyainua kwa vidole vyake, yakakatika. Baadaye akakuta viluwiluwi weusi wakihangaika majini. Zaidi ya miaka 50 ikapita, kijito kikakauka, na mtoto wa leo asijue alichopoteza.

Angeweza kufunga hotuba ile kwa takwimu. Alikuwa nazo: vuguvugu la Green Belt alilolianzisha mwaka 1977 lilikuwa limepanda miti kwa mamilioni. Alichagua kufunga kama cucu anavyofunga. Sisi tuliotumia miaka mingi kutafuta njia ya kumfanya mtoto wa darasa la nne akumbuke somo la jana, tunajua uzito wa uchaguzi ule.

Hakuacha kusimulia. Katika semina za vijijini aliwauliza watu mtu hujikutaje ndani ya basi lisilo lake. Hapa kwetu mfano huo hauhitaji kufafanuliwa: uko stendi ya Nyeri, unakwenda Ihururu, umepanda gari la Othaya. Je, hukuuliza? Uliogopa kuuliza? Ulidanganywa na utingo? Kutokana na swali hilo watu walianza wenyewe kuzungumza juu ya ardhi, uongozi na woga wao. Watoto wa dunia nzima nao aliwaachia hadithi ya ndege kolibri, iliyotoka kwa Waquechua wa Amerika Kusini: msitu unaungua, tembo na wanyama wengine wakubwa wameduwaa, na kindege kisichozidi kidole kinaleta maji tone kwa tone, kwa sababu hicho ndicho kinachoweza. Kindege hicho hakipo katika misitu yetu. Watoto wa Tetu wamwone chozi anayenyonya maua ya migomba, watamwelewa.

Sisi tulistaafu kwa barua na kwa sherehe ya chai. Yeye hakuipata heshima hiyo. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, mwaka 1971, akafundisha anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kuongoza idara. Mwaka 1982 alijiuzulu ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo huku Nyeri. Akaambiwa hakujiandikisha ipasavyo kuwa mpiga kura, na aliporudi chuoni akakuta nafasi yake imekwisha kujazwa. Miaka 20 baadaye Tetu ilimpa ubunge kwa asilimia 98 ya kura. Lakini darasa alilonyang'anywa alikuwa amekwisha kulijenga upya, chini ya miti.

Sasa tuseme linalotuuma. Wangari ameandika kwamba katika shule ya bweni aliyosoma, mwanafunzi aliyenaswa akizungumza Kikuyu alivishwa kidude cha aibu kilichoitwa monita. Sisi nasi, tulipokuwa walimu, wengi wetu tuliwavisha watoto kidude hicho hicho. Tulidhani tunawafungulia njia. Tuliwafunga ulimi ambao cucu alikuwa amewapa, na baada ya miaka tukashangaa kwa nini wajukuu wetu hawajui kuitika "Itha!" Kwa watoto tuliowavisha kidude hicho, ambao leo ni wazazi, tunaomba radhi.

Jambo lingine. Mwaka 2008 Jeanette Winter alichapisha Marekani kitabu cha picha kwa watoto kuhusu Wangari. Mwaka 2010 kikatoka huko huko kingine, *Mama Miti*, cha Donna Jo Napoli chenye picha za Kadir Nelson. Jina ni la Kiswahili, msichana ni wa Ihithe. Katika makabati ya shule tulizofundisha hatukuwahi kukikuta hata kimoja.

Kwa hiyo tunatamka kwamba kuanzia muhula huu kila mwanachama wetu aliye na nguvu ya kutembea atakwenda katika shule ya msingi iliyo karibu na kwake, Ijumaa alasiri, kusimulia ngano kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, bila malipo. Tunawaomba walimu wakuu watupe nusu saa tu na kivuli cha mti. Mtaala unatambua lugha ya nyumbani katika madarasa ya chini. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976 jambo hili linapendekezwa, na muda wa lugha hiyo usiendelee kuliwa na mazoezi ya hesabu. Kaunti tunaiomba inunue vitabu vilivyoandikwa juu ya binti huyu wa Tetu na kuvifikisha shuleni, pamoja na tafsiri zake wakipatikana wa kuzifanya. Na nyinyi wazazi, zimeni televisheni usiku mmoja kwa juma. Mleteni cucu au guka, yaani babu, sebuleni. Mwenye simu arekodi, maana kati yetu wapo wenye ngano ambazo hakuna mwingine anayezijua, na mwaka huu pekee tumewazika wenzetu waliokuwa nazo.

Hatutawauliza watoto maswali ya mtihani baada ya hadithi. Hakuna alama. Atakayelala, alale.

Tunaanzia Ihithe. Atakayesimulia wa kwanza ni mwanachama wetu mkongwe kuliko wote, aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi, na amekwisha kutuambia kwamba ataanza na irimu. Watoto waje na masweta. Jioni baridi ya Nyandarua hushuka mapema.

Limetolewa Ihururu, Tetu, tarehe 25 Septemba, kwa niaba ya wanachama wote.