NYUMBA YA PICHA NA SHILINGI YA MFANYA KAZI



Katika mkutano uliopita wa tawi letu hapa Kibarani, baada ya mambo ya mishahara na ya ruhusa za wagonjwa kwisha, ndugu mmoja aliyerudi kutoka Nairobi aliomba nafasi ya kusema. Alikuwa amefika Paa ya Paa, ile nyumba ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1965 na Elimo Njau pamoja na wenzake. Akatuuliza: kwa nini sisi wafanya kazi tusichange fedha ili nyumba za namna ile zitengenezwe na kupanuliwa? Kwa nini jambo hili tuwaachie matajiri na wageni peke yao?

Kabla hajaketi, ndugu mwingine, fundi wa mawe, alisimama akasema: "Darasa la mwanangu lavuja. Nani achange picha?" Watu wakapiga makofi, na mwenyekiti akafunga mkutano kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kutua.

Sisi wa kamati ya tawi twaandika maneno haya kwa sababu makofi yale yalikuwa ya haki, lakini swali halikujibiwa. Twataka lijibiwe.

Kwanza tueleze nyumba yenyewe, maana wengi hapa hawajaiona. Paa ya Paa ilianza katikati ya mji wa Nairobi, miaka miwili tu baada ya Uhuru, wakati ambapo mchoraji Mwafrika alikuwa hana mahali pake mwenyewe pa kutundika kazi. Baadaye ikahamia Ridgeways, nje kidogo ya mji. Jina lake lina mchezo ndani yake, kwa kuwa paa ni mnyama na paa ni la nyumba, na tena kuna kupaa. Mwaka 1997 moto uliingia, ukateketeza kazi nyingi zilizokusanywa kwa miaka zaidi ya 30. Wenyewe na rafiki zao wakaanza tena. Mchoro ulioungua hauna nakala. Ukuta waweza kujengwa tena kwa mawe mengine, lakini picha ikiungua imekwenda.

Sasa, fundi wetu atasema hayo ni ya Nairobi. Haya, tuje Pwani.

Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Tangu 1895 mpaka 1958 ilikuwa gereza. Baba zetu wengine walipaona mahali pale kwa ndani, na si kwa kukata tikiti. Halafu Mfuko wa Gulbenkian wa kule Lisbon ukatoa fedha, mahali pakachimbwa na kutengenezwa chini ya James Kirkman, na mwaka 1960 pakafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 paliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kirkman huyo ndiye aliyeongoza kazi ya kuchimba magofu ya Gede, nayo Gede imeingia katika orodha hiyo mwaka 2024. Jina lake liko vitabuni na ni haki liwepo. Lakini mwenye kujua kazi ya jembe ajua kwamba mtu mmoja hafukui mji mzima. Waliobeba vikapu vya mchanga walikuwa watu wa huku kwetu, na mgeni aingiaye leo hawasikii wakitajwa.

Kwa hiyo twasema hivi: si kweli kwamba mfanya kazi wa Pwani hajatoa kitu kwa ajili ya nyumba hizi. Ametoa sana, ila hakuandikiwa risiti.

Hapa pana jambo ambalo twataka kulikalia kidogo, kwa kuwa ni la chama hasa. Wenye kuchangisha fedha za majengo ya kale husema sana habari za kuta, milango na nakshi, na habari za aliyepanda juu ya jukwaa la miti husema kidogo. Mnakumbuka Beit al-Ajaib ya Unguja. Ni jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, na kwa miaka mingi lilikuwa makumbusho. Fedha za kulitengeneza zilipatikana kutoka Oman, na kazi ilikuwa ikiendelea. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu kubwa ya upande wa mbele ilianguka mchana, na watu wawili wakafa. Fedha zilikuwapo na mafundi walikuwapo. Hatutaki kujifanya mahakimu katika msiba ule. Lakini hatuwezi kukaa kimya mtu akituambia kwamba shida ya majengo haya ni fedha tu.

Jengo la matumbawe si jengo la matofali. Mawe yake ni mepesi, hunywa maji na kuyatoa, na hushikwa kwa chokaa iliyochomwa na kulowekwa muda mrefu. Ukilipiga lipu ya saruji kwa haraka ili mgeni rasmi alione jeupe siku ya ufunguzi, maji na chumvi hufungwa ndani, na ukuta huoza kutoka moyoni huku uso wake uking'aa. Boriti nazo huliwa pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi wa zamani alijua kugonga na kusikiliza. Fundi huyo sasa ni mzee, na kijana wake anaendesha bodaboda, kwa sababu kazi ya chokaa huja mara moja kwa miaka mingi, na ijapo hulipwa kama kibarua cha kubeba maji.

Basi tukichanga, shilingi yetu isiende kwenye rangi kabla haijapita kwa mafundi. Iwe sharti kwamba kila kazi ya kutengeneza ina wanafunzi wa kazi wanaolipwa, ina jukwaa lililokaguliwa, ina kofia za chuma na bima, na kwamba mtu akisema ukuta huu umetoa sauti, kazi inasimama bila yeye kufukuzwa. Tukilipata hilo peke yake tutakuwa tumefaidi zaidi ya thamani ya mchango wetu.

Kuna ndugu watakaosema kwamba vyama vya wafanya kazi havikuumbwa kwa ajili ya picha. Twawapa habari moja ya mbali. Katika mashariki ya London, mtaa wa washona nguo na wachukuzi wa bandarini, kuna nyumba ya picha iitwayo Whitechapel, iliyofunguliwa mwaka 1901 ili watu wa mtaa ule waone kazi nzuri bila kwenda upande wa matajiri. Mwaka 1937 mji wa Guernica katika Hispania ulipigwa mabomu kutoka angani, na Picasso akachora ile picha kubwa inayojulikana ulimwenguni kote. Mwanzoni mwa 1939 picha hiyo ilitundikwa Whitechapel. Walioileta mtaani hawakuwa mabwana wa majumba makubwa. Walikuwa watu wa baraza la vyama vya wafanya kazi la Stepney. Na kiingilio kilikuwa jozi ya buti, ziwe nzima za kufaa kupelekwa kwa wapiganaji wa Hispania. Buti zikarundikana chini ya picha.

Nyumba hiyo hiyo ilipopanuliwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, ikiunganishwa na jengo la maktaba ya zamani lililo ubavuni pake, gharama ilikuwa pauni milioni 13 na nusu. Fedha nyingi namna hiyo hazitoki kwenye buti. Zilitoka kwenye mifuko mikubwa. Hata sisi Kenya, makumbusho ya taifa ya Nairobi yalipofungwa mwaka 2005 na kupanuliwa mpaka 2008, fedha zilitoka kwa Jumuiya ya Ulaya. Hatusemi zikataliwe. Lakini mfuko mkubwa ukishatoa, huandika bango lake mlangoni na kwenda. Aliyeleta buti anaishi mtaa ule, na kesho atapita kuuliza mlango umefungwa kwa nini.

Tufanye hesabu, maana chama bila hesabu ni baraza la kahawa. Wanachama 100, kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa mwezi, ni shilingi 2,000, na kwa mwaka ni 24,000. Haziezeki jumba. Hazitoshi hata mlango mmoja wa nakshi wa fundi mzuri. Lakini zatosha kutupa kiti katika mkutano wa wenye kuchanga, na mtu mwenye kiti aweza kuuliza. Nasi tunataka kuuliza mengi.

Tutauliza habari za vigango. Hapa Kilifi hakuna asiyevijua. Mzee wa Gohu akifa, watu wake humsimamishia kigango, mti uliochongwa kwa pembe tatu tatu, na koma yake huheshimiwa pale. Si pambo, na hakiondolewi. Lakini tangu miaka ya sabini viling'olewa usiku, vikauzwa madukani kwa watalii, vikavuka bahari mpaka katika nyumba za matajiri na makumbusho ya Marekani. Vingine vimerudi. Makumbusho ya Denver yaliviachia vigango 30, navyo vikafika Nairobi mwaka 2019. Makumbusho ya jimbo la Illinois yalirudisha 37 mwaka 2023. Twashukuru. Lakini kurudi Nairobi si kurudi Kilifi, na tena vingine havijulikani vilitoka boma lipi.

Mtu akituambia anataka kuongeza chumba katika nyumba yoyote ya sanaa ya Pwani, sisi twamwuliza: chumba hicho ni cha nini? Kama ni cha kuweka kigango ndani ya kioo na taa, na kiwauzie wageni tikiti, basi wazee wa kaya waulizwe kwanza, na jawabu lao lifuatwe hata likiwa hapana. Huenda wakasema kigango kisicho na boma kikae mahali salama chini ya ulinzi wao. Huenda wakasema kisioneshwe kabisa. Sisi hatuna kauli moja katika kamati juu ya jambo hili, wawili wetu walikaribia kugombana, na twaandika hivyo bila kuficha. Ila wote tulikubaliana kwamba aliyeibiwa asiombwe mchango wa kujenga ghala la mali yake halafu akatazamwe kama mgeni mlangoni.

Na tutauliza habari za watoto. Hapa Kibarani tuna shule ya watoto wasiosikia. Mtoto wa namna hiyo redio haimfai, hadithi ya bibi jioni haimfikii ila kwa mikono ya mwenye kujua ishara. Picha inamfikia moja kwa moja, sawa na mtoto wa gavana. Nyumba ya picha yenye kutaka shilingi yetu ituambie ni siku ngapi katika mwaka watoto wale wataingia bure, na basi litakalowachukua litalipwa na nani. Fundi wetu alisema darasa la mwanawe lavuja. Ni kweli, na tumelipeleka neno hilo mahali panapohusika kwa barua, na tutalipeleka tena. Kuezeka darasa ni kazi ya serikali, iliyokwisha kutoza kodi. Tusiifanyie serikali kazi yake kwa mchango, kisha tukakosa hata shilingi ya kufanya jambo la hiari yetu wenyewe.

Basi kamati yaleta shauri hili kwenu. Ada ya chama isiguswe hata senti moja. Ada ni ya kesi, ya wagonjwa na ya wafiwa. Mchango wa nyumba ya sanaa uwe kitabu chake mbali, wa hiari, shilingi 20 kwa mwezi, na asiyetoa asitajwe jina wala kutazamwa vibaya. Fedha zisitolewe kwa mtu yeyote mpaka masharti ya mafundi, ya wazee na ya watoto yawe yameandikwa na kutiwa sahihi. Hesabu isomwe kwa sauti kila miezi mitatu, hapa hapa chini ya mwembe, na mwanachama yeyote aruhusiwe kukishika kitabu kwa mkono wake. Sote twajua harambee zilizoanza kwa ngoma zikaisha kwa mweka hazina kuhamia mji mwingine.

Na tukikosa nyumba ya kukubali masharti yetu ndani ya mwaka mmoja, kila mtu arudishiwe chake.

Jambo hili litapigiwa kura katika mkutano ujao wa tawi. Ndugu yetu wa Nairobi atakuja na picha alizopiga kule Paa ya Paa. Fundi wa mawe tumemwendea nyumbani kwake, naye amekubali kuja kusema habari za chokaa, maana kumbe babake alikuwa mchomaji. Shilingi 20 hajakubali kutoa. Amesema atasikia kwanza kitabu kitawekwa na nani.