Mtafiti Asipimwe kwa Idadi ya Makala Peke Yake

KATIKA vyuo vikuu na taasisi za utafiti za nchi nyingi umeenea utaratibu wa kumpima mtafiti wa tiba kwa hesabu mbili. Ya kwanza ni idadi ya makala alizochapisha katika majarida ya kitaalamu. Ya pili ni mara ngapi makala hizo zimenukuliwa na watafiti wenzake. Kwa hesabu hizo wako wanaopandishwa cheo na wako wanaonyimwa fedha za kazi.

Hesabu hizi hazikuzuka bure. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Marekani alianza kutoa faharasa ya manukuu, ili msomaji aweze kulifuata wazo la kisayansi kutoka makala moja hadi nyingine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza alama ya mtafiti mmoja mmoja: mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20 hupata alama 20. Kipimo hicho ni chepesi, nacho hupunguza upendeleo. Mtumishi yeyote aliyepata kuona cheo kikitolewa kwa kujuana hawezi kukibeza.

Hata hivyo, chombo kilichokusudiwa kumwongoza msomaji kikigeuzwa kuwa hakimu, haki hupotea. Ushahidi wa jambo hili tunao majumbani mwetu, ndani ya pakiti ya dawa mseto ya malaria.

Mwaka 1969 mtafiti wa Kichina, Tu Youyou, alikabidhiwa kazi ya kutafuta dawa mpya ya malaria katika tiba za jadi za nchi yake. Yeye na wenzake walipekua maandiko ya kale na kukusanya maelekezo ya tiba zaidi ya 2,000. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga ulionyesha dalili njema, lakini matokeo yake yakawa ya kuyumba. Ndipo aliporudia kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya nne, kilichoagiza mmea huo uloweshwe katika maji na kukamuliwa. Tu akatambua kwamba huenda moto ndio ulioharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na mwezi Oktoba 1971 dawa hiyo ikaangamiza vimelea vyote katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili walijitolea kuimeza kwanza, kisha wakatibiwa wagonjwa 21 katika kisiwa cha Hainan.

Je, kazi hiyo ilimpa alama ngapi? Utafiti huo ulikuwa wa siri ya kijeshi. Makala ya kwanza ilitoka mwaka 1977, kwa jina la kikundi, bila jina la mtu hata mmoja. Tu hakuwa na shahada ya udaktari wa falsafa. Kwa kipimo cha Hirsch, mwenye makala moja hupata alama 1 tu, hata kama makala hiyo imenukuliwa mara 10,000. Makala isiyo na jina haimpi mtu hata hiyo moja. Mchango wake ulidhihirika kwa upana mwaka 2011, baada ya Louis Miller na Xinzhuan Su kupekua kumbukumbu za kazi yenyewe. Mwaka huo alipata tuzo ya Lasker, na mwaka 2015 tuzo ya Nobel. Wakati huo Tanzania ilikuwa imekwisha kuifanya dawa mseto kuwa tiba ya kwanza ya malaria tangu mwaka 2006.

Hatusemi kwamba mtafiti asichapishe. Kinyume chake, siri ile iliuchelewesha ulimwengu kuijua dawa, na elimu inayofungiwa kabatini haimponyi mgonjwa. Tunalosema ni kwamba kuhesabu makala si kuzisoma. Wanasayansi waliokutana San Francisco mwaka 2012 walitoa azimio lenye maana hiyo hiyo: kazi ya mtafiti ipimwe kwa ubora wake, wala si kwa hadhi ya jarida iliyomo.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee. Mtafiti kijana anayechunguza kichocho katika vijiji vya wilaya moja anaweza kukosa wa kumnukuu ng'ambo, ingawa matokeo yake yangemwongoza mganga wa wilaya hiyo kesho asubuhi. Akijua kwamba cheo kinatokana na manukuu tu, ataacha swali la zahanati na kufuata swali linalopendwa na majarida ya mbali. Mwingine atakata utafiti mmoja vipande vitano ili apate makala tano. Walimu wanaifahamu tabia hiyo: mwanafunzi aliyejaza kurasa nyingi si lazima awe ndiye aliyeelewa somo.

Kwa hiyo kamati za kupandisha vyeo hazina budi kusoma kabla ya kuhesabu. Ziulize mtafiti amegundua nini, ushahidi wake ni imara kiasi gani, na nani amefaidika nao. Idadi ya makala na manukuu iwekwe mezani kama shahidi mmojawapo. Hukumu itolewe na watu waliosoma.