Mwimbaji Akiurudia Wimbo wa Ujana Wake

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Usemi huu nimeusikia tangu utotoni mwangu Mombasa, na siku zote nilidhani nimekwisha uelewa. Kumbe sivyo. Ilinibidi nisafiri mpaka Uriri, katika jimbo la Migori, mahali ambapo mtu wa pwani hupita akielekea mpakani Isebania bila hata kugeuza shingo, ndipo nikatambua kuwa mnyonge huyo aweza kuwa ni mwimbaji, na haki yake yaweza kuwa ni kutajwa jina lake tu.

Nilikwenda huko kumtembelea mpwa wangu anayesomesha. Uriri ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Kisii, ikapita Rongo na Awendo, kisha ikashuka hadi Migori. Pande zote ni mashamba ya miwa na mahindi. Alasiri moja tulikuwa tumekaa katika hoteli ndogo ya chai, na mawingu ya masika yamejikusanya upande wa ziwa, meusi kama masizi ya chungu. Mwenye hoteli alikuwa akiingiza viti ndani. Kijana mmoja, labda kwa mzaha wa hali ya hewa, akafungulia wimbo katika simu yake. Zikalia nyuzi, taratibu, na sauti ya mwanamume ikaimba Kijaluo kwa upole mno. Mpwa wangu akanong'ona: "Mjomba, wimbo huu ni 'Koth Biro'. Maana yake mvua inakuja. Watu wanaambiana ng'ombe warudishwe nyumbani."

Hapo ukazuka ubishi. Yule kijana akasema wimbo huu ni wa Mmarekani, Kanye West, naye ameusikia kwake kwa masikio yake mawili. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai pembeni akaguna. "Mwanangu, huo ni wimbo wa babu zetu," akasema. "Hauna mwenyewe. Ni kama mto, kila mtu anachota."

Nami nikasema, "Jaduong', niwie radhi," kwani ndivyo wazee wanavyoitwa huko kwa heshima, "wimbo huu unaye mwenyewe, tena wenyewe zaidi ya mmoja. Na mmoja wao alizaliwa kwetu Mombasa."

Mzee akaweka kikombe chini. Wasomaji wapenzi, niliyomweleza mzee yule ndiyo nitakayoyaeleza hapa, kwa sababu yanatuhusu sisi wa pwani kama yanavyowahusu watu wa Uriri.

Mwimbaji tuliyekuwa tukimsikiliza ni marehemu Ayub Ogada. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, na jina alilojulikana nalo kwanza ni Job Seda. Msomaji wa pwani haitaji kufasiriwa kwamba Job na Ayub ni jina moja, la Nabii yule aliyepigiwa mfano wa subira. Katika miaka ya 1970 kijana huyu alikuwa Nairobi katika bendi iliyoitwa Black Savage, pamoja na akina Gordon Ominde, Jack Odongo na Mbarack Achieng. Bendi hii ilikuwa ya roki: magitaa ya umeme, ngoma za kizungu, na maneno ya kuisema dunia jinsi inavyokwenda. Ndiyo bendi iliyoutia wimbo wa "Kothbiro" katika santuri kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1979 Job Seda alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Heritage Band, bendi iliyojaribu kuyafunganisha magitaa na ala za kienyeji. Ndani ya kundi hilo aliikumbatia nyatiti, zeze la Wajaluo lenye nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, akavaa pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu, akaigonga pete hiyo kwenye ubao wa ala huku njuga zikilia mguuni. Mtu mmoja anakuwa mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Mwaka 1985 alionekana katika filamu ya Out of Africa, na mwaka uliofuata akasafiri kwenda Uingereza na nyatiti yake. Huko London aliipiga katika vituo vya treni za chini ya ardhi, kofia iko mbele yake, wapita njia wakitupa senti.

Haikupita miaka mingi akapata watu wa kumsikiliza kwa makini, na mwaka 1993 kampuni ya Real World ya mwimbaji Peter Gabriel ikatoa albamu yake, En Mana Kuoyo, yaani "Ni Mchanga Tu". Ndani ya albamu hiyo aliurudia ule wimbo wa ujana wake. Safari hii hapakuwa na kelele za bendi ya roki. Wimbo aliupunguza mpaka ukabaki na nyuzi, pumzi na sauti yake.

Basi hapa ndipo penye suala lenyewe. Yako maneno yanayosemwa kila mwimbaji mkongwe anaporudi kwenye nyimbo za bendi yake ya zamani. Husemwa kwamba ameishiwa, kisima kimekauka, sasa anakwangua chungu. Mimi naona maneno hayo ni ya haraka. Waulize waliohudhuria arusi za Mombasa zamani, wakati marehemu Juma Bhalo alipokuwa jukwaani: wimbo ule ule, ukiombwa mwaka huu na ukiombwa miaka kumi baadaye, si mmoja. Kijana huimba habari ya kuachwa kwa sababu ameandikiwa beti. Mtu mzima huimba kwa sababu ameachwa. Na Ayub naye alipoimba habari ya mvua akiwa kijana wa Nairobi, nyumbani hakukuwa mbali. Alipoimba baada ya kukaa ugenini, kurudisha ng'ombe nyumbani kulikuwa na maana nyingine. Mwacha asili ni mtumwa, nasi hatuwezi kumlaumu mtu aliyeirudia asili yake.

Lakini ziko sababu nyingine zisizohusu moyo, bali mali. Watu wengi hawajui kwamba katika wimbo mmoja mna mali mbili. Ya kwanza ni utungo, yaani maneno na sauti zake. Hiyo ni ya mtunzi. Ya pili ni santuri, yaani ile sauti iliyonaswa siku ile studioni. Hiyo mara nyingi ni ya kampuni iliyolipia kazi. Anayetaka kuitumia santuri hubisha hodi kwenye milango miwili. Mwimbaji asiyeimiliki santuri yake ya ujana aweza kuingia studio tena, akauimba utungo wake upya, akapata santuri iliyo katika mkataba mwingine. Miaka ya karibuni dunia nzima imelishuhudia jambo hili kwa mwimbaji wa Marekani, Taylor Swift. Mwaka 2019 kanda asilia za albamu zake sita za mwanzo ziliuzwa pamoja na kampuni iliyozimiliki. Yeye akarekodi upya nne kati ya hizo, baina ya 2021 na 2023, na mwezi wa Mei 2025 akafaulu kuzinunua zile za asili.

Sasa tuutazame wimbo wetu. Mwaka 2005 ilitoka filamu ya The Constant Gardener, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa Kenya, na wimbo uliosikika humo ulikuwa ule wa Ayub wa nyatiti. Mwaka 2018 Kanye West akatoa wimbo wake wa "Yikes", na yeye akakata kipande cha santuri ile ya zamani ya Black Savage. Kwa maneno mengine, mmoja aliuchukua wimbo kwa uzee wake na mwingine akauchukua kwa ujana wake. Katika orodha ya watunzi wa "Yikes" yamo majina ya Ayub Ogada na James Mbarack Achieng. Ndiyo kusema kwamba yule kijana wa Uriri hakusikia uongo. Alisikia kipande cha kweli kilichovikwa kanzu ya mtu mwingine.

Na yule mzee je? Kosa lake ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa kuwa ni kosa la mapenzi. Ayub aliuvua wimbo wake magitaa, akauvika nyatiti, na akaifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa hata mzee wa Kijaluo akaamini kuwa ni wimbo wa mababu. Hiyo ni sifa ambayo waimbaji wachache huipata. Lakini ndani ya sifa hiyo mna hasara. Wimbo ukishaitwa wa mababu huwa hauna mwenyewe, na usio na mwenyewe huchotwa na kila mtu bila kutaja jina. Isitoshe, wale wenzake wa Black Savage waliokesha naye studioni husahaulika kabisa. Migori ni nchi ya benga. Watu wa huko wanamjua marehemu D.O. Misiani, aliyetoka Shirati ng'ambo tu ya mpaka, kama wanavyowajua ndugu zao. Bendi ya roki ya vijana wa Nairobi haikuwafikia.

Kwa hiyo, kurudia wimbo ni kisu chenye makali pande mbili. Humrudishia mwimbaji sauti yake na huenda kikamrudishia riziki yake, lakini kisipotumiwa kwa uadilifu hukata majina ya wenzake. Mkongwe anayerudi studioni anachukua amana ya watu. Akiandika jina la aliyetunga naye na la bendi iliyotangulia kuutoa wimbo, amana ameirudisha.

Sisi wa pwani tusidhani kwamba haya ni ya wengine. Nani asiyejua kisa cha "Malaika"? Marehemu Fadhili William aliurekodi kwanza akiwa na Jambo Boys, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaurudia akiwa na bendi ya Equator Sound. Wimbo ukaruka ukaenda kwa Miriam Makeba, ukaenda hata kwa Boney M, na mpaka Fadhili alipofariki mwaka 2001 ubishi wa nani hasa aliyeutunga haujakwisha, wala leo haujakwisha. Ubishi huo usingalikuwa mrefu kiasi hicho lau majina yangaliandikwa sawasawa mwanzoni. Na tutazame majumbani mwetu: kanda ngapi za taarabu zimo makabatini, zilizorekodiwa arusini, na juu yake pameandikwa tarehe na jina la bibi arusi tu? Aliyetunga shairi hakuandikwa. Aliyepiga udi hakuandikwa.

Wakati nao unatukimbia. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Na watunzi wakiwa wawili, hesabu huanzia kwa atakayekufa mwisho. Lakini santuri yenyewe hulindwa miaka 50 tu tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Piga hesabu, msomaji. Santuri ya mwaka 1970 ulinzi wake ulikwisha mwisho wa 2020. Zile za miaka ya 1970 zinafuata moja baada ya nyingine, mwaka hadi mwaka. Atakayekuja kuzitumia hatakuwa na haja ya kubisha mlango wa mwenye santuri. Mlango utakaobaki ni wa mtunzi, na mtunzi asiyejulikana hana mlango.

Ayub Ogada alirejea nyumbani, akaishi Nyahera karibu na Kisumu, na huko ndiko alikofariki tarehe 1 Februari 2019. Hakuna mtu wa kumwomba aurudie wimbo wake mara ya tatu. Lakini wapo wengine walio hai, Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, wenye nyimbo za bendi na vikundi vilivyokwisha vunjika. Wakitaka kuzirudia, tuwaache wazirudie, wala tusiwacheke. Na sisi tulio na kanda, tuchukue kalamu tuwaulize wazee wetu: nani alitunga, nani aliimba, nani alipiga, mwaka gani. Kazi hiyo haina gharama ila subira.

Mvua ya Uriri ilikuja kweli, ikanyesha juu ya mabati hata hatukusikilizana. Ilipopungua, mzee akamwita mpwa wangu. "Mwalimu," akamwambia, "hayo majina ya hao vijana wa Nairobi niandikie kwenye karatasi." Mpwa wangu akachana ukurasa wa daftari, akaandika kwa herufi kubwa: Black Savage, na chini yake, Ayub Ogada na Mbarack Achieng. Mzee akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa koti. Kijana naye, bila kuambiwa na mtu, akaipiga picha kabla haijakunjwa.