Utafiti wa tiba Kwale: Mgeni ana fedha, mwenyeji ana usukani?

Mgeni anayetaka kuingia Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio karibu na ufuo wa Galu, hufungwa kaniki na kutembezwa na mwenyeji. Njia huchaguliwa na wenye msitu. Katika vijiji vya Msambweni, ambako wakazi wametoa damu na mkojo kwa ajili ya sayansi kwa takriban miaka 40, mara nyingi mgeni ndiye aliyekuja na njia yake.

Tangu miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilishirikiana na Wizara ya Afya ya Kenya kuchunguza kichocho katika eneo hilo. Baadaye kikaja Chuo Kikuu cha Nagasaki cha Japani, ambacho pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) kimekuwa kikifuatilia takwimu za afya na idadi ya watu Kwale. Chuo Kikuu cha Stanford nacho kimechunguza homa ya dengi na chikungunya miongoni mwa watoto wa Msambweni na Ukunda. Anayedai kwamba huo wote ulikuwa unyonyaji mtupu hajaisoma historia vizuri. Watoto walitibiwa, na Wakenya wengi walipata ujuzi wa maabara na shahada za juu. Hata hivyo, swali la kutafitiwa, fedha na tarehe ya kufunga kazi vilitegemea sana maamuzi ya ng'ambo.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika mradi ambao hata jina lake lilikuwa la Kiswahili: TUMIKIA, yaani Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Kati ya 2015 na 2017, KEMRI na Chuo cha London cha Usafi na Tiba ya Tropiki waligawa Kwale katika maeneo 120. Mengine yaliendelea na utaratibu wa kawaida wa kuwapa dawa watoto shuleni mara moja kwa mwaka. Mengine yalipewa dawa nyumba kwa nyumba, wakubwa kwa wadogo, mara moja au mara mbili kwa mwaka.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019. Palipotibiwa wanafunzi pekee, maambukizi ya minyoo ya safura yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Palipotibiwa jamii nzima mara mbili kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 6.2. Maana yake ni nyepesi: mtoto akitibiwa shuleni kisha akarudi kwenye boma ambalo mama na babu hawakumeza dawa, minyoo itamrudia.

Watafiti wa KEMRI katika mradi huo walikuwa wale wale walioishauri serikali kuhusu minyoo kwa miaka mingi. Mkakati wa kitaifa wa kukomesha maambukizi wa 2019 hadi 2023 ulikubali kutibu jamii nzima pale inapohitajika. Hapo uongozi wa mwenyeji ulizaa matunda, kwa kuwa aliyeandika matokeo hakuwa na haja ya kutafuta mlango wa wizara. Alikuwa tayari ndani.

Mtihani wa sasa ni mgumu zaidi. Julai 2025, New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya majaribio ya BOHEMIA yaliyofanywa Kwale na taasisi ya ISGlobal ya Barcelona pamoja na mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust ulioko Kilifi, kwa fedha za Unitaid. Dawa ya ivamektini, ambayo hufanya damu ya aliyeimeza kuwa sumu kwa mbu, ilitolewa mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Zaidi ya watu 20,000 walishiriki. Miongoni mwa watoto wa miaka mitano hadi 15, maambukizi mapya ya malaria yalikuwa chini kwa asilimia 26 yakilinganishwa na ya watoto wa vijiji vilivyopewa dawa ya kawaida ya minyoo.

Asilimia 26 si muujiza, lakini si haba kwa watu ambao tayari wanalala ndani ya vyandarua. Je, nani ataamua kama dawa hiyo itolewe tena Kwale, na kwa fedha za nani? KEMRI ni ya serikali ya kitaifa. Zahanati zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Mfadhili yuko Geneva.

Fedha ndizo zinazouma. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliahidi Hazina ya Taifa ya Utafiti asilimia mbili ya pato la taifa. Kilichotolewa hakijakaribia kiwango hicho. Mei 2025, taasisi za afya za serikali ya Marekani (NIH) zilitangaza kusitisha utaratibu ambao chuo cha Marekani hupokea ruzuku na kumega sehemu kwa mshirika wa nchi za nje. Kwa mshirika aliyezoea kumegewa, tangazo moja la Washington laweza kufunga maabara.

Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wamepewa vifaa nchini, na mpango ukawa kwamba posho yao ya Sh5,000 kwa mwezi ichangwe nusu na serikali ya kitaifa na nusu na kaunti. Hao ndio watakaobisha hodi Galu, Kinondo na Ukunda dawa hiyo ikikubaliwa. Kwa hiyo, mkataba wowote mpya wa utafiti Kwale unapaswa kuitaja kaunti kama mshirika kamili tangu ukurasa wa kwanza, na kutaja fungu la bajeti litakalonunua tembe katika mwaka wa kwanza baada ya watafiti kufungasha virago.