Elsa Alilelewa na Nani?

Juzi kwenye kikao chetu cha waandishi chipukizi nilisoma kurasa tatu za riwaya ninayoiandika. Nikamaliza. Kimya. Halafu jamaa mmoja, ambaye hadithi zake zote huanzia baa na kuishia mochari, akauliza: "Simba? Kwani hayo si mambo ya Wazungu na watalii?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, nisije nikaonekana mshamba. Lakini usiku ule usingizi ulikataa kuja, na leo namjibu hapa, yeye na wote waliocheka, nami nikiwemo.

Riwaya yangu inahusu nyumba ya Joy na George Adamson. Msiniambie hamwajui. Joy alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, ambao leo unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Cheki. Jina lake la kuzaliwa ni Friederike. Alitua Kenya mwaka 1937, akaolewa na mtaalamu wa mimea, Peter Bally, na huyo ndiye aliyempa jina la Joy. Wakizunguka nchi pamoja, Bally anachuma mimea, Joy anaichora. George yeye alizaliwa India mwaka 1906, akaja Kenya 1924, akatafuta dhahabu, akafanya biashara ya mbuzi, akafanya hili na lile mpaka 1938 alipoingia idara ya wanyamapori. Walioana 1944, wakaweka makao Isiolo. Tangu hapo maisha yao yakawa ya hema na safari, mmoja na bunduki na daftari lake, mwingine na brashi na sanduku la rangi.

Hapo ndipo wenzangu wanaojiita wazalendo huniruka. Ati yule mama alikuwa mkono wa ukoloni. Sawa, sikatai. Katika miaka ya mwisho ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa Kenya katika mavazi yao ya asili kabla hayajapotea. Akazunguka miaka kadhaa, kutoka pwani mpaka kaskazini, akarudi na picha mamia. Nyingi ziko Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nenda ukazione. Rangi zimetulia, kila ushanga uko mahali pake, ngozi ya mbuzi unaona hata mshono. Ila angalia maandishi ya chini: mara nyingi utakuta kabila, utakuta rika au cheo. Mzee wa mahali fulani, kijana aliyetoka jandoni. Mtu mwenyewe aliitwa nani? Aliyekaa juani saa nzima asitikisike, mama yake alimwita nani?

Hilo linaniudhi, wallahi. Lakini kuna jambo linaloniudhi zaidi, nalo hatulisemi kwa sababu linatugusa. Yule mama alikwenda. Alibeba karatasi juu ya punda na ngamia, akala vumbi, akaketi mbele ya mtu akamtazama mpaka akamwona. Sisi tuliozaliwa hapahapa, tunaojua lugha, tumeketi mbele ya nani? Mimi nina umri wa miaka ishirini na mitano, nimemaliza kidato cha nne, nimesoma riwaya za kijasusi mpaka naota bastola. Simba sijawahi kumwona ila kwenye noti na kwenye chupa. Jamaa wa mochari naye hivyohivyo, ingawa anajua aina zote za bia.

Haya, tuje kwa Elsa. Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba yule mama alikuwa akilinda watoto watatu mwambani. Akawapeleka nyumbani. Wawili walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi, akabaki mdogo kuliko wote, Elsa. Joy akaandika kitabu, Born Free, kikatoka mwaka 1960, kikasomwa dunia nzima. Filamu ikafuata 1966. Simba aliyelelewa na binadamu akarudishwa porini Meru, akazaa watoto watatu, na bado akawa anakuja kuwasalimu walezi wake. Hadithi tamu, nani asiyeipenda?

Sasa mimi nauliza swali la kitoto. Elsa alilelewa na nani? Kitabu chenyewe hakifichi. Mlezi wa wale watoto alikuwa Nuru, aliyekuwa mtunza bustani wa nyumba ile. Nuru ndiye aliyetoka nao asubuhi wakacheze, akakaa chini ya mti wakati wa joto, akawatafuta walipopotea. Alikuwepo pia Makedde, askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Na safari ile ndefu ya miguu mpaka Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana, Elsa akiwa katika msafara, mnadhani punda walijifunga mizigo wenyewe? Nuru anapita katika kurasa kama kivuli kinachopita ukutani. Unajua anafanya nini, hujui anawaza nini. Jioni akirudi kwa watu wake, nguo zinanuka simba, aliwaambia nini? Alimpenda yule mnyama, au aliogopa kufukuzwa kazi? Au yote mawili?

Sikiliza bwana, hiyo ni riwaya! Hiyo haihitaji jasusi wala changudoa wa kuuawa sura ya tatu.

Tena lugha yetu imo humohumo, imeachwa mlangoni. Kitabu cha George cha mwaka 1968 kinaitwa Bwana Game, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Na dunia ilimjua kwa jina la Baba ya Simba. Baba YA simba! Mwalimu wangu wa Kiswahili angelia machozi. (Lakini ngoja, hata sisi mtaani tunasema hivyohivyo, kwa hiyo kalamu nyekundu niirudishe mfukoni.)

Mwisho wao pia tumewaachia wengine. Mwaka 1970 George alihamia Kora. Mwaka 1971 simba wake aitwaye Boy, mmoja wa wale walioigiza katika filamu, alimuua mfanyakazi wake aitwaye Stanley, na George akampiga risasi Boy kwa mkono wake. Kila aandikaye juu ya Kora huandika huzuni ya George kwa simba wake. Mimi nataka sura nzima ya Stanley. Joy aliuawa Shaba tarehe 3 Januari 1980. Habari za kwanza zilisema kaliwa na simba, baadaye ikabainika ni mkono wa mtu, na kijana aliyewahi kumfanyia kazi akatiwa hatiani mwaka 1981. George naye aliuawa na majambazi Kora tarehe 20 Agosti 1989, alipokimbilia kumwokoa mgeni wake. Wafanyakazi wake wawili waliuawa pamoja naye. Nitajieni majina yao sasa hivi, bila kwenda kutafuta. Ndiyo hayo ninayoyasema.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa kambi za safari huko kaskazini. Si kambi ya akina Adamson, msije mkanizushia. Alipokuja kwetu Nairobi kutibiwa alilala chumba kimoja nami miezi miwili. Usiku alikuwa akikohoa na kusema maneno, habari za fisi waliokula viatu, za mzungu aliyelia kwa sababu ya twiga. Mimi nilikuwa nimejifunika shuka nasoma riwaya ya polisi wa London kwa tochi. Nikamwambia, "Guka, wacha nisome." Akaniacha nisome. Alizikwa mwezi wa nane. Katika sanduku lake tulikuta kofia, kisu cha kuchunia, na barua moja ya sifa kutoka kwa tajiri wake, imeandikwa jina lake kimakosa.

Mhariri mmoja, simtaji, alinirudishia mswada wa sura za kwanza. Ati shule hazitaununua, wanafunzi wanataka maisha ya mjini, na tena mhusika mkuu mtunza bustani hana mvuto. Nimempa mhusika mkuu huyo kurasa themanini mpaka sasa, kwenye madaftari manne, na bado hajamaliza kunieleza asubuhi ya kwanza alipokabidhiwa wale watoto watatu.

Mwezi ujao napanda basi la Isiolo. Nina nauli ya kwenda, ya kurudi nitaijua hukohuko. Nataka kukaa na wazee waliofanya kazi hizo, wapishi, madereva, askari wa porini, na safari hii nifunge mdomo nisikilize. Nikirudi nitasoma sura ya pili kikaoni. Na wewe jamaa wa mochari, njoo. Chai utalipa wewe.